Kutoka Kengeleni hadi Buruburu: Pasaka ya kwanza bila shemeji

Nimekuwa nyumbani wiki mbili sasa, na ndipo nimepata utulivu wa kukaa na daftari langu na picha za simu niipange safari hii siku kwa siku. Juma Kuu la mwaka huu, 2025, nililimalizia Nairobi, mtaa wa Buruburu, kwa dada yangu mkubwa. Mume wake, shemeji yangu, tulimzika mwezi wa pili. Jumapili ya Matawi jioni dada alinipigia simu, na hakusema mengi: "Mdogo wangu, njoo. Siwezi kuimba Aleluya peke yangu humu ndani." Kesho yake nikaanza kutafuta tikiti.

Jumatano, 16 Aprili: Mombasa hadi Nairobi

Anayefikiria kusafiri Pasaka ijayo asinifuate mimi. Tikiti za treni za siku hizo huisha mapema mno, na mabasi hupandisha nauli kila siku inayopita. Nilipata kiti kimoja cha daraja la kawaida, treni ya saa tisa alasiri, shilingi 1,500, kwa sababu tu mtu fulani alikuwa ameghairi safari. Fika stesheni ya Miritini saa moja na nusu kabla ya wakati, maana ukaguzi wa mizigo una foleni yake. Mimi nilibeba begi moja na kikapu cha mahamri ambayo mke wangu aliamka saa kumi alfajiri kuyachoma. Shemeji aliyapenda mahamri ya Pwani kuliko chakula chochote, na kikapu kile nilikipakata njia nzima.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, anakwenda kumuuguza binti yake Eastleigh. Baada ya Voi, jua lilipokuwa likishuka upande wa Tsavo na udongo umekuwa mwekundu kama tofali, alifungua mkebe wa tende na kambale wa kukaanga, akanisogezea. Nikamwambia ni Juma Kuu, nyama na mengineyo nimeviacha. Akasema, "Basi kula tende, baba. Hata sisi tumetoka kufunga juzi tu." Aliponiuliza kama nakwenda sherehe, nikamweleza habari za dada. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mwaka wa kwanza wa msiba kila sikukuu huwa ni kama matanga mapya. Maneno hayo niliyaandika daftarini tukiwa karibu na Mtito Andei.

Syokimau tulishuka kwenye mvua. Kuna treni nyingine ndogo inayokungoja hapo ikupeleke mjini kati, na nakushauri uichukue, kwa sababu barabara ya Mombasa usiku wa mvua haiendi. Toka stesheni ya mjini nilitembea hadi steji ya namba 58. Makanga alitaka shilingi 100 kwa sababu ya mvua, na hapakuwa na aliyebisha. Buruburu kijana mmoja aliyeshuka nami akaona kikapu kinalowa, akafungua mwavuli wake akanisindikiza hadi geti la koti, yaani ua wa nyumba za kina dada, halafu akarudi alikotoka. Sikumwuliza hata jina.

Getini mlinzi alinipokea kikapu kama tunajuana. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mpole. Alisema, "Mama alisema mjomba anakuja." Kisha, kabla sijaingia: "Jumamosi usiku nabatizwa. Mzee ndiye aliyenipeleka kwa katekista." Mzee huyo ni shemeji.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Asubuhi dada alikwenda kazini nusu siku, nami nikaenda mjini kuungama katika Basilika ya Familia Takatifu. Wengi hulipita kila siku bila kulitazama vizuri. Ni kanisa la zege na kioo lililochorwa na mwanamke, Dorothy Hughes, likakamilika mwaka wa uhuru, 1963, na mwaka 1982 likapewa hadhi ya basilika ndogo. Ukiingia kutoka kelele za City Hall Way unahisi kama mtu amekufunika masikio kwa viganja. Saa sita foleni ya kitubio ilikuwa imeshika ukuta mzima: makarani wenye vitambulisho shingoni, wanafunzi, mama mboga mwenye aproni. Mzee mmoja aliona natazama saa, akaniuliza natoka wapi, akaniambia simama hapa mbele yangu. Ukitaka kuungama Juma Kuu mjini, nenda Jumatatu au Jumanne. Alhamisi utasimama.

Jioni tukaenda parokiani kwa dada. Alhamisi ndiyo mlango wa Siku Tatu Kuu, na padre alieleza jambo ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulishika: misa hii haina baraka ya mwisho. Ijumaa ibada huanza bila ishara ya msalaba na huisha bila baraka. Tunatawanyika kimyakimya hadi usiku wa Jumamosi, kwa sababu machoni pa Kanisa hatujaondoka bado. Ni ibada moja ya siku tatu. Karamu ya jioni, msalaba, kaburi na ufufuko havigawanyiki, na asiyepita pote hajapita. Neno lenyewe Pasaka limetoka kwa Waebrania, na maana yake ni kupita: usiku ule Misri, damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango, Bwana akipita juu ya nyumba zao, katika Kutoka sura ya 12.

Utukufu ulipoimbwa kengele zote zililia kwa pamoja, kisha zikanyamaza. Mimi nimekulia Kengeleni, Mombasa, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karne ya 19. Kengele ikinyamaza mahali inapotakiwa kulia, mwili wangu hujua. Wakati wa mageuzi ya mkate na divai, mtumishi aligonga vibao viwili vya mti badala ya kengele, kau-kau, na sauti ile kavu ilinifikia mifupani.

Halafu kuosha miguu. Mwaka jana shemeji alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaooshwa. Mwaka huu walimwita dada akae kwenye kiti. Siku hizi wanawake nao huitwa, tangu Baba Mtakatifu Fransisko alipobadilisha kanuni hiyo mwaka 2016. Dada alikataa mara mbili. Mara ya tatu mwenyekiti wa jumuiya alimshika mkono tu, hakusema kitu. Nilimwona akivua kiatu cha kulia. Padre alimimina maji kutoka jagi la bluu la plastiki, akaifuta nyayo yake taratibu, hata katikati ya vidole, kama anayemkausha mtoto. Dada alikuwa ametazama juu, kwenye taa, muda wote. Nyumbani aliniambia: "Kuosha ni rahisi. Kukaa uoshwe ndiyo kazi." Usiku huo tulisoma kwenye simu kwamba Fransisko, pamoja na ugonjwa wake, alikwenda kuwaona wafungwa wa Regina Coeli, Roma. Mwaka huu hakuweza kuinama kuwaosha miguu, akasema anataka kuwa karibu nao tu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba ilianza saa tatu asubuhi barabarani. Kiamsha kinywa kilikuwa chai ya rangi bila kitafunwa. Msalaba ulikuwa wa mbao za mkaratusi, mbichi bado, mzito, na kila kituo kundi tofauti lilipokezana: vijana, akina mama wa jumuiya, wahudumu wa bodaboda ambao waliegesha pikipiki zao kandokando ya njia wakaja kubeba kituo cha tano, cha Simoni wa Kirene. Tulipopinda Barabara ya Rabai nilishtuka kuona jina lile kwenye kibao. Rabai ya kwetu ndiko wamisionari Krapf na Rebmann walikojenga misheni mwaka 1846, na kaburi la mke wa Krapf na mtoto wake mchanga liko Mombasa upande wa Nyali, si mbali na kwangu. Kwao Injili ilianza kwa mazishi. Wazo hilo lilinikaa hadi kituo cha kumi na nne.

Kituo cha tisa mvua ikashuka. Hakuna aliyekimbia. Mwenye duka moja la dawa alitoa mifuko ya nailoni kuwafunika wazee vichwa. Kwa atakayehudhuria: vaa viatu vya mpira, beba maji, na usilete gari, kwa sababu utaliacha mbali na kulirudia kwa miguu.

Ibada ya saa tisa alasiri nitaipita kwa sentensi chache, si kwa sababu haina kitu, bali kwa sababu maneno yangu yataipunguza. Padre alilala kifudifudi sakafuni. Yakasomwa Mateso ya Kristo katika Injili ya Yohane. Tuliubusu msalaba. Dada alibaki amepiga magoti pale hata mhudumu akalazimika kuwapitisha wengine ubavuni mwake. Jioni tulikula githeri isiyoungwa, tukalala mapema.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Siku hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Jumamosi Kuu Kanisa halina misa mchana kutwa. Altare iko uchi, tabernakulo, sanduku la Ekaristi, iko wazi na tupu. Maisha yangu yote siku hii nimeipitisha nikitafuta kuku sokoni. Dada hakutaka soko. Alisema anataka kwenda Bustani ya Ufufuko, Karen, walikokuwa wakienda na mumewe kila mwaka kabla ya Pasaka. Tulipanda namba 24 kutoka mjini, shilingi 150 kila mmoja kwa sababu ya sikukuu. Siku za kawaida nauli hushuka. Ukienda, nenda asubuhi, vaa kwa heshima, zima simu, na usitarajie duka la chakula. Mahali pale ni pa kunyamaza.

Kuna vituo vya Njia ya Msalaba na mafumbo ya Rozari kati ya miti, na liko kaburi la Kardinali Maurice Otunga, Mkenya wa kwanza kuwa kardinali, aliyefariki 2003 na mabaki yake yakahamishiwa hapo baadaye. Alikuwa mtoto wa chifu, akaacha yote. Tuliketi kwenye benchi lenye umande karibu saa mbili. Dada hakusali kwa sauti, wala sidhani alisali. Mwishowe akauliza, akitazama nyasi: "Wale wanawake walifanya nini siku ya Jumamosi?" Nikamjibu kwa Luka: waliandaa manukato na marhamu, na siku ya sabato wakapumzika kama ilivyoamriwa. "Kwa hiyo," akasema, "walijua kazi moja tu ya kufanya, nayo ni ya maiti."

Nimelifikiria jibu lake kila siku tangu hapo. Tunahubiriwa Ijumaa, tunashangilia Jumapili. Lakini aliyefiwa, anayengoja majibu ya hospitali, mzazi wa kijana aliyepotea, wote wanaishi Jumamosi, na Kanisa halikuwafukuza humo. Liliiweka siku hiyo ndani ya ile ibada moja, likaiacha bila wimbo, likasema hata hii ni Pasaka. Kristo mwenyewe alilala siku nzima kaburini. Tunakiri katika Kanuni ya Imani kwamba alishukia kuzimu, ila ulimi unapita haraka. Dada hakuhitaji kuharakishwa kwenda Jumapili, na mimi nilikuwa nimepanda treni nikiwa na hotuba nzima ya kumharakisha. Niliimeza pale bustanini.

Tuliporudi alitoa kinu, akaanza kutwanga viungo vya pilau ya kesho: bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Harufu ilijaa nyumba. Alisita kidogo, mchi mkononi, akanitazama, nami nilijua anawaza manukato ya wale wanawake. Kisha akaingia chumbani akatoka na viatu vyeusi vya shemeji, vya kamba, alivyovaa kanisani. Akakaa kwenye kigoda mlangoni akavipiga rangi, akavisugua kwa kitambaa cha fulana hadi vikang'aa, akanituma nivipeleke getini. Mlinzi alikuwa na shati jeupe la ubatizo lakini viatu vyake vilikuwa vimepasuka. Hivi vilimzidi kidogo. Akakunja gazeti, akatia mbele kwenye vidole.

Mkesha wa Pasaka ulianza saa mbili usiku kwenye uwanja wa kanisa, moto ukiwaka kwenye karai. Padre alichonga msalaba kwenye mshumaa mpya wa Pasaka, Alfa juu, Omega chini, tarakimu 2025 kwenye pembe nne, na punje tano za ubani kwa madonda matano. Dada aliniinamia sikioni: "Ule wa 2024 ndio uliosimama kichwani pake." Ni kweli. Mwezi wa pili, siku ya mazishi, mshumaa wa Pasaka uliwashwa kando ya jeneza, na nilikuwa nimeutazama bila kuuona. Ule ule unaowashwa ubatizoni.

"Mwanga wa Kristo." "Tumshukuru Mungu." Giza lote la kanisa likajaa nukta za moto, kutoka mshumaa mmoja hadi mwingine. Yalisomwa masomo marefu, bahari ikagawanyika, kisha ghafla Utukufu na kengele, na watoto wakapuliza vuvuzela nje kana kwamba wameambiwa leo hakuna wa kuwakemea. Katika waraka, Paulo anawauliza Warumi kama hawajui kuwa kwa ubatizo tumezikwa pamoja na Kristo. Dada alikaa wima aliposikia neno "tumezikwa". Injili ya mwaka huu ilikuwa ya Luka: wanawake wanarudi na habari, mitume wanaziona upuzi. Hata mitume ilibidi waachwe kidogo katika Jumamosi yao.

Wakatekumeni, wale wa kubatizwa, walikuwa kumi na tisa. Mlinzi wetu alikuwa wa saba. Aliinama juu ya beseni, padre akammiminia maji mara tatu, na ya tatu ikateremka shingoni, kwenye shati, hadi juu ya vile viatu vilivyong'arishwa. Dada alicheka. Ni mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu mazishi, na mara hiyo hiyo akalia, na Aleluya aliiimba vivyo hivyo, yote mawili kwa pamoja. Tulifika nyumbani saa saba usiku, tukala mahamri yaliyobaki.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Pilau, kachumbari, kuku, wapwa wakitoka na kuingia. Jirani wa nyumba ya tatu ni Mwothodoksi. Miaka mingi Pasaka yake huja majuma kadhaa baada ya yetu, kwa kuwa makanisa hayo hufuata kalenda ya zamani. Mwaka huu, miaka 1700 tangu Mtaguso wa Nisea wa 325 uliozungumzia tarehe hii, tumeangukia siku moja. Alikuja na mkate wake akasema mlangoni, "Kristo amefufuka!" Dada akajibu, "Kweli amefufuka!" Watoto wakaupenda mchezo huo, wakaurudia hadi jioni.

Baada ya misa dada alimwomba mtunza sakristia amwonyeshe mshumaa wa zamani. Akafungua kabati. Umebaki urefu wa mkono, tarakimu 2024 bado zinasomeka, nta imetiririka upande mmoja. Aliushika kidogo, akaurudisha.

Jumatatu, 21 Aprili: kurudi

Treni ya saa mbili asubuhi, inayosimama stesheni za kati. Toka Buruburu saa kumi na moja alfajiri ikiwa unategemea matatu. Steji zinachelewa kujaa sikukuu. Ilikuwa inakaribia saa tano, tumepita Emali, mtandao unakuja na kukatika, simu moja ikalia, kisha nyingine, kisha behewa zima. Baba Mtakatifu Fransisko amefariki. Jana tu tulikuwa tumemwona akitoa baraka ya Pasaka kwenye roshani, akizunguka uwanjani katikati ya watu. Mama mmoja mbele yangu alivua miwani. Alisema mwaka 2015 alinyeshewa tangu usiku kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi akingoja misa yake, na hakuona baridi. Akatoa rozari. Waliokuwa Wakatoliki wakaitikia, na wasiokuwa wakapunguza sauti za simu zao. Tukaanza na mafumbo ya utukufu, fumbo la kwanza ni ufufuko.

Miritini mvua ilikuwa imetutangulia. Nilimpigia dada nikiwa kwenye matatu ya kuingia mjini. Alikuwa ameshasikia. Alisema mlinzi amekuja mlangoni asubuhi ile, amevaa viatu vile vile kazini, kumwuliza kama Papa akizikwa wiki hii Pasaka itakuwa imekatizwa.

"Nikamwambia Pasaka ina siku hamsini," dada akasema. "Akaniuliza kama atoe lile gazeti kwenye viatu. Nikamwambia asitoe."